Mandeti Ni Amana: Nani Alimkabidhi Nani?

Yafuatayo ni mazungumzo yetu ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.



Nilipokuwa Bugomora, kata moja ya wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, nilikaribishwa nyumbani kwa mzee mmoja wa makamo ya juu. Akanipa buni za kutafuna, kama ilivyo desturi ya upande ule. Alizitoa kwa mikono miwili, nami nikazipokea kwa mikono miwili. Redio ilikuwa dirishani, ikieleza habari za uchaguzi katika nchi fulani ya mbali, na mchambuzi mmoja alikuwa akirudia kwamba mshindi sasa anayo "mandeti" ya kufanya hili na lile.

Mzee akapunguza sauti ya redio. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiwe mtu wa redio. Hiyo mandeti ni kitu gani hasa? Marehemu baba alikuwa akilitaja neno hilo. Alisema Mjerumani alipoondoka, tuliambiwa sasa sisi ni nchi ya mandeti. Hakuna aliyetueleza maana yake."

Nikamjibu upesi upesi kwamba mandeti ni mamlaka. Mzee akatikisa kichwa. "Mamlaka tunayajua, mwanangu. Hapa Karagwe yalikuwapo tangu enzi za akina Rumanyika. Kama ni mamlaka tu, kwa nini Wazungu waliyatafutia jina jingine?"

Hapo nilikwama. Mtu wa redio hapendi kukwama, maana kazi yake ni kusema. Basi nilirudi nyumbani na deni la mzee yule, na leo nataka kulilipa mbele yenu nyote.

Neno "mandate" Waingereza walilichota katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Warumi walisema mandatum, yaani jambo ambalo mtu amekabidhiwa au ameagizwa. Mandatum nalo limezaliwa na kitenzi mandare, kukabidhi. Wajuzi wa lugha hulieleza kuwa ni muungano wa maneno mawili: manus, yaani mkono, na dare, yaani kutoa. Kwa hiyo picha iliyomo ndani ya neno hili ni nyepesi kabisa: mtu anamtilia mwenzake kitu mkononi. Ni picha ile ile ya mzee wa Bugomora na buni zake.

Mizizi hiyo imeota hata katika Kiswahili chetu bila sisi kujua. Kamanda wa polisi na komandoo wa jeshini ni watoto wa mandare. Meneja wa kiwanda ni mjukuu wa manus, kwa kuwa jina lake lilianzia kwa Waitaliano waliosema habari za kushika na kuendesha farasi kwa mkono. Lakini msije mkamtia humo manispaa. Yule ametoka katika neno jingine la Kilatini, munus, lenye maana ya wajibu au utumishi, ingawa kwa sura wanafanana kama ndugu.

Wakristo, hasa Wakatoliki, wanaye ndugu mwingine wa neno hili. Kila mwaka, Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka, padre hupiga magoti na kuwaosha waumini miguu, kumbukumbu ya Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Ibada hiyo kwa Kilatini inaitwa Mandatum, kwa sababu usiku ule Yesu aliwapa wanafunzi amri mpya ya kupendana. Waingereza wakalifupisha neno hilo, na hadi leo siku hiyo wanaiita Maundy Thursday. Tazameni basi: neno moja, na ndani yake bwana anainama chini kuosha miguu ya watumishi.

Tuwarudie Warumi, kwa sababu wao ndio walioliwekea neno hili sheria. Kwao mandatum ulikuwa mkataba. Mtu anasafiri, anamwomba rafiki yake amnunulie shamba, au amdaie deni, au amtunzie mali. Rafiki akikubali, mkataba umefungwa. Mwanasheria Gaius aliandika habari zake katika karne ya 2, na Kaisari Justinian akaziingiza katika kitabu chake cha sheria mwaka 533. Masharti yenyewe yalikuwa machache, na yanaeleweka hata barazani.

La kwanza, kazi ile ilikuwa ya bure. Ukilipwa, mkataba wako unaitwa jina jingine, kwa maana mandatum ilitokana na urafiki na wajibu. La pili, aliyekabidhiwa hakuruhusiwa kuvuka mipaka ya aliyoagizwa. La tatu, alipaswa kutoa hesabu na kurudisha kila alichokipata katika kazi ile, pamoja na mazao yake. La nne, aliyekabidhi aliweza kuitengua mandatum wakati kazi haijaanza, na mmoja wao akifa, mkataba nao ulikufa. Aliyeshitakiwa kwa kukiuka amana hii akashindwa, hakulipa fidia tu. Alivunjiwa heshima mbele ya watu, akahesabiwa kuwa mtu asiyeaminika.

Liko na la tano, na ndilo ninalowaomba mlishike vizuri. Gaius alisema kwamba nikikuagiza ufanye jambo ambalo faida yake ni yako wewe peke yako, hiyo haiwi mandatum. Huo ni ushauri tu. Mtu hahitaji kukabidhiwa kazi ya kujinufaisha mwenyewe.

Sisi Waswahili tuna maneno ya jamaa hii: amana, dhamana, wakala. Mwenye amana si mwenye mali. Wakala si mwenye duka. Mtoto wa miaka kumi mitaani analijua hilo.

Sasa tufunge safari ya kutoka Roma ya kale mpaka Paris ya mwaka 1919. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, na Mjerumani ameshindwa. Makoloni yake yalikuwa mikononi mwa waliomshinda, pamoja na hii yetu iliyoitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wabelgiji walikuwa wamezishika Rwanda na Burundi tangu 1916, na Waingereza walishika sehemu kubwa ya nchi iliyobaki.

Washindi walikuwa na tatizo. Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikuwa ametangaza kwamba vita ile haikuwa ya kunyang'anyana nchi. Kuzichukua waziwazi kungekuwa aibu, na kuziachia hawakutaka. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, yule yule aliyeongoza majeshi ya Mwingereza dhidi ya Mjerumani katika nchi yetu mwaka 1916, alikuwa ameandika kijitabu mwezi Desemba 1918 kupendekeza utaratibu wa mandeti. Tena yeye aliufikiria kwa ajili ya nchi zilizotoka katika himaya za Urusi, Austria na Uturuki. Makoloni ya Afrika hakuyataka yaingizwe humo, kwa kuwa aliwaona wenyeji wake kuwa washenzi wasioweza kujitawala kwa namna yoyote. Hata hivyo neno likakamatwa, likapanuliwa, likatufikia na sisi.

Katika Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo, Ibara ya 22 ilisema kwamba ustawi wa watu wasioweza bado kusimama peke yao ni amana takatifu ya ustaarabu, na kwamba ulezi wao ukabidhiwe kwa mataifa yaliyoendelea. Nchi zikapangwa madaraja matatu. Daraja la A zilikuwamo Iraki, Palestina na Syria. Daraja la B zikawekwa Tanganyika, Ruanda-Urundi, Kamerun na Togo. Daraja la C ikawekwa Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, pamoja na visiwa vya Pasifiki.

Ndugu zangu, hebu sasa tuipime mandeti hii kwa mizani ya Warumi. Nani aliyeitoa? Mjerumani aliyaacha makoloni yake kwa mataifa makubwa yaliyomshinda. Mataifa hayo hayo yakakaa Mei 1919 yakagawana. Mwingereza alikuwa mmoja wa waliotoa, na Mwingereza alikuwa mmoja wa waliopokea. Alitoa kwa mkono wa kulia akapokea kwa mkono wa kushoto. Mwenye nchi, yule mkulima wa Karagwe, hakuulizwa. Gaius angelikuwa hai, angeuliza swali moja tu: faida ni ya nani?

Na kwa watu wa bonde la mto Kagera, jambo hili halikubaki katika makaratasi. Tarehe 30 Mei 1919, Lord Milner, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikubaliana na Mbelgiji Pierre Orts juu ya mpaka. Wabelgiji wakapewa Rwanda na Burundi, isipokuwa Waingereza walimega kipande cha mashariki ya Rwanda kiitwacho Gisaka, magharibi ya mto Kagera. Sababu? Waingereza walikuwa na ndoto ya reli ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Cairo, na njia nzuri ilionekana kupita ng'ambo ile ya mto. Kwa ajili ya reli isiyokuwapo, watu wakahamishwa nchi bila kuhama nyumba.

Mwaka 1922 Gisaka ikawekwa rasmi chini ya utawala wa Tanganyika. Mfalme Musinga wa Rwanda alilalamika sana, maana alikuwa amepoteza sehemu ya ufalme wake. Askofu Léon Classe wa Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, naye akaandika kuteta. Malalamiko yakafika Geneva, mbele ya Tume ya Kudumu ya Mandeti iliyokuwa na kazi ya kusikiliza hesabu za waliokabidhiwa. Katika tume hiyo alikuwamo Pierre Orts mwenyewe, yule aliyeuchora mpaka! Hata hivyo tume ililiona kosa. Mwaka 1923 Shirikisho la Mataifa likaridhia mpaka urudi kwenye mto, na mwaka 1924 ulipoanza Gisaka ilikuwa tena upande wa Rwanda. Reli haikupata kujengwa.

Kwa upande wa kusini, Bugufi, nchi iliyokuwa chini ya mfalme wa Burundi, ilibaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Ng'ombe wa mtu walikuwa wanalala nchi moja na kuamkia nyingine, kwa kalamu ya watu wawili waliokaa Paris. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Nami ningeongeza: hata wakipatana na kugawana malisho, ni nyasi hizo hizo zinazokanyagwa.

Msomaji mmoja ataniuliza: basi mandeti ilikuwa ulaghai mtupu? Hapana. Hapa ndipo penye utamu wa historia. Neno linapochukuliwa kwa hila, linakuja na mizizi yake, na mizizi haidanganyiki.

Hati ya mandeti ya Tanganyika ilithibitishwa tarehe 20 Julai 1922. Pamoja na kasoro zake, ilimfunga Mwingereza kwa masharti. Ilikataza biashara ya watumwa. Ilikataza kazi za shuruti, isipokuwa kazi muhimu za umma, nazo zilipiwe. Ilimtaka alinde ardhi ya wenyeji. Juu ya yote ilimtaka atoe taarifa kila mwaka. Mtawala wa koloni la kawaida alijibu kwa mfalme wake tu. Mtawala wa Tanganyika alipaswa kujibu na kwa wengine. Ni kweli kwamba mwananchi aliyetaka kulalamika alitakiwa apitishe barua yake kwa serikali ile ile anayoilalamikia, yaani kesi ya kuku ianzie kwa mwewe. Lakini mlango ulikuwapo, hata kama ulikuwa mwembamba.

Vita ya Pili ilipokwisha, Shirikisho la Mataifa likafa, na Desemba 1946 Tanganyika ikawekwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Jina likabadilika, maana ikabaki: amana, na hesabu ya amana. Safari hii wananchi waliusukuma ule mlango kwa bega. Wameru wa Arusha walipofukuzwa katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki mwaka 1951, walichanga fedha wakampeleka Kirilo Japhet hadi New York, naye mwaka 1952 akaieleza dunia habari za nyumba zao zilizochomwa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini Mwingereza aliulizwa maswali mbele ya watu. Machi 1955 akafuata Julius Nyerere, mwalimu wa shule na Rais wa TANU, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba serikali itamke wazi kuwa Tanganyika ni nchi ya Waafrika, na kwamba ulezi una mwisho. Miaka sita na ushei baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, mwisho huo ulifika.

Kule Namibia mlezi alikataa kabisa kurudisha amana. Makaburu wa Afrika Kusini walidai kwamba Shirikisho la Mataifa limekufa, kwa hiyo hakuna wa kuwadai hesabu. Umoja wa Mataifa ukaifuta mandeti yao mwaka 1966, na mwaka 1971 Mahakama ya Kimataifa ikasema kuendelea kwao kukaa kule ni kinyume cha sheria. Wanamibia walilazimika kupigana, na wengi wao tuliishi nao hapa Tanzania, mpaka walipopata uhuru wao tarehe 21 Machi 1990. Hata katika ukaidi ule, kosa lao lilikuwa na jina la zamani sana: kung'ang'ania cha kukabidhiwa.

Nimeyasema haya yote kwa sababu neno mandeti limerudi. Sasa hivi linatumika kwa mtu aliyeshinda uchaguzi. Na mimi nasema hapo limerudi nyumbani, maana safari hii mtoaji anajulikana. Ni mpiga kura. Anakwenda kwa miguu yake, anapanga foleni, na kwa mkono wake mwenyewe anaitumbukiza karatasi sandukuni. Manus na dare, mkono na kutoa, hapo vimekutana sawasawa kuliko vilivyokutana Paris.

Hatari ni kwamba wengi wetu tunalisikia neno hili kama nilivyomjibu mzee wa Bugomora: mamlaka. Nililitafsiri vibaya. Mamlaka kwa asili yake ya Kiarabu ni neno la milki na ufalme, na mfalme hadaiwi hesabu. Mandeti ni neno la mtu aliyetumwa. Mwenye mamlaka husema, "Nimepewa, kwa hiyo nyamazeni." Mwenye mandeti husema, "Nimepewa, kwa hiyo niulizeni." Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti ya bwana na wakala.

Wala msidhani haya ni mambo ya New York na Geneva peke yake. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Mkutano huo ndio unaowachagua viongozi wa kijiji, na mbele ya mkutano huo ndipo zinaposomwa habari za mapato na matumizi. Siku hiyo ya kusomewa, wengi wetu tunakwenda mnadani. Halafu jioni, kwenye kahawa, tunalalamika kwamba tumeliwa. Warumi walijua jambo moja zaidi: aliyekabidhi naye ana wajibu. Amana isiyoulizwa huota miguu.

Juzi nilimpigia simu yule mzee kupitia kwa mwanawe, nikamweleza niliyoyapata. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Kumbe baba yangu alikabidhiwa kwa watu na watu, kama ng'ombe wa mahari, wala hakuulizwa. Mimi nimepiga kura kila nilipoweza, na kila mara nilidhani nimekwisha maliza kazi. Kumbe nilikuwa ndiyo kwanza naianza."

Nikamwambia ndivyo hasa, mzee wangu. Akacheka, akaniuliza nitarudi lini Bugomora kutafuna buni.

Ndugu wasikilizaji, ndugu wasomaji, safari nyingine mtakaposikia kiongozi yeyote, mkubwa au mdogo, akisema anayo mandeti, msimshangilie kwanza wala msimzomee. Itazameni mikono yenu. Kama ni ninyi mliotoa, basi mna haki ya kudai hesabu. Na kama hamkumbuki kutoa, muulizeni kwa adabu: mwenzetu, hiyo uliipokea kwa nani?

Hadi juma lijalo, kwaherini.